Mwenyekiti Amekufa Tovutini, Nyumbani Anakunywa Kahawa

Emama Tiruye mpenzi,

Naomba unisikilize mpaka mwisho, kama unavyowasikiliza wote wanaokuandikia shida zao, na usinicheke kabla hujafika katikati, maana hapa Dessie nimeshachekwa vya kutosha, na Jumapili hii, watu wa kanisani wakisharudi, natakiwa kusimama mbele ya mkutano mkuu wa chama chetu cha kuzikana na kutamka ni mfumo gani tutatumia kuendeshea tovuti ya chama, na mpaka naandika hapa sijui niseme nini, na nikikosea safari hii sitakuwa nimekosea mambo ya kompyuta tu, nitakuwa nimemkosea dada yangu wa tumbo moja.

Mimi ni katibu wa chama. Kazi ya tovuti niliangushiwa kwa sababu nina duka la kutoa nakala, na siku moja nilimchomolea mwenyekiti wetu, Gashe Lakew, cheti cha ubatizo cha mjukuu wake kilichokwama kwenye mashine, basi tangu hapo mimi ndiye mtaalamu wa kompyuta wa mtaa mzima, hata redio ikikoroma wananiletea.

Tovuti yenyewe tuliitaka kwa ajili ya watoto wetu walio mbali, Addis, Jidda, Beirut, mpaka Marekani, ambao wanachangia chama kila mwezi ili wazazi wao wazikwe kwa heshima lakini habari za mtaa zinawafikia zimeshaota ukungu. Dada yangu Yeshi yuko Beirut, anafanya kazi za ndani. Baba yetu alipofariki, Yeshi alisikia kwa mwanamke mmoja kwenye foleni ya mikate, Emama, akiwa amesimama na mikate mkononi na hakuna hata mtu wa kumshika bega, halafu akarudi kazini akawapikia wenye nyumba huku amejiinamia kwenye vitunguu ili wasimuulize analia nini. Sasa amebaki mama, na mama kifua kinambana kila baridi ya mlima Tossa ikishuka, na mimi nilijiapia kwamba Yeshi hatasikia ya mama kwa namna ile. Ndiyo maana nilikubali kazi hii. Mengine yote ni balaa.

Mifumo iko miwili, na kamati imeshaipa majina. Wa kwanza tunauita Farasi. Huu anaupigania Gashe Lakew, kwa sababu ameuleta mpwa wake, Injinia Kassaye, anayekaa Addis. Farasi anaweza kila kitu, ila ukitaka kuweka picha moja tu lazima umpigie Injinia, na Injinia akipokea anasema yuko kwenye mkutano, na asipopokea ndiyo yuko kwenye mkutano kweli. Tulipojaribu kuandika jina la chama kwa herufi zetu za Kiamhara, yalitoka masanduku matupu mstari mzima, Injinia akasema tusubiri, na bado tunasubiri. Wa pili tunauita Punda. Huu ni wa bure, una vitufe vikubwa, na mtetezi wake ni Etiye Zahara, mkuu wa jiko la chama. Nilipomuuliza kama ataweza kuutumia, alinitazama kama niliyemwaga mchuzi.

"Mimi nimepikia misiba ya mtaa huu tangu hujazaliwa," akaniambia. "Sufuria ya watu mia tatu nainua. Kitufe kitanishinda?"

Basi nikamfungua Punda kwa majaribio, na hapo ndipo nilipoanza kuharibu. Punda, kabla hajakubali kumbeba mtu, anataka umwambie cheo chake: huyu ni mchangiaji, huyu ni mwandishi, huyu ni mhariri, huyu ni msimamizi mkuu. Nikayasoma hayo majina mbele ya kamati tukiwa kwenye kahawa, kikombe cha kwanza bado hakijaisha.

"Mchangiaji?" Gashe Lakew akauliza. "Mimi nimefundisha jiografia nusu ya mji huu, nimekaa kiti cha mbele tangu chama kianze, leo unaniweka mchangiaji?"

"Gashe, wewe utakuwa mhariri."

"Na juu ya mhariri kuna nani?"

"Kuna msimamizi mkuu, Gashe."

"Ambaye ni nani?"

Nikainamia kikombe changu, maana alikuwa mimi. Etiye Zahara akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mtoto wa juzi amekaa juu yenu wote, na nyinyi mnakunywa kahawa tu!"

Kufika kikombe cha tatu kamati nzima ilikuwa wasimamizi wakuu. Nilimpa Gashe, nikampa Etiye Zahara, nikampa mweka hazina, kasisi, sheikh, na hata Demissie, mpiga tarumbeta wetu anayezunguka mtaa alfajiri kutangaza msiba, kwa sababu alisema kama habari za vifo zinahamia kwenye simu na yeye hana cheo huko, basi tumwambie wazi tunamfukuza kazi. Sasa nimnyime nani, Emama? Hawa ndio watakaonibebea jeneza.

Siku iliyofuata Gashe akaja dukani kwangu amevaa koti lake la sherehe. Akasema anataka kuona tangazo la msiba litakavyoonekana. Nikamwambia tutaweka jina lolote la kubuni. Akasema, "La kubuni la nini? Weka langu. Siku yenyewe sitakuwepo kulisoma." Akakaa, akanisomea wasifu wake mwenyewe, mrefu, wenye mito yote aliyowahi kuwafundisha watoto, akachagua picha ya ujana wake akiwa na nywele nyingi, akaniambia niandike "mpole wa tabia," nikaandika. Nikalihifadhi kama rasimu. Naapa, Emama, niliweka rasimu tu.

Jioni Etiye Zahara alitaka kuweka picha ya sufuria zake mpya. Akaingia na cheo chake cha msimamizi mkuu, akakuta Punda anamuuliza kama anataka kuchapisha rasimu zote. "Iliniuliza kwa adabu," anasema mpaka leo, "nikakubali." Na mimi kwa ujinga wangu nilikuwa nimeshaweka chombo kinachomtumia kila mwanachama ujumbe kukiwa na jambo jipya.

Alfajiri tarumbeta ikalia. Demissie alikuwa ameusoma ujumbe, akatoka na kuanza mtaa wa juu, akateremka hadi langoni kwa Gashe Lakew, na Gashe akasikia msiba, akajitanda gabi, shuka lake zito la pamba, akafungua lango.

"Demissie, nani katutoka?"

"Wewe, Gashe."

Wanasema Demissie alimtazama Gashe, akatazama simu, akamtazama Gashe tena. Kisha akasema, "Lakini tovuti ndivyo ilivyosema."

Vijana walikuwa wameshafika na turubai, na vijana wa chama wakishafika na turubai hawajui kurudi nalo, wakalisimamisha. Etiye Zahara na wanawake wake walikuwa wameshawasha moto. Gashe alipoona turubai liko tayari na viti vimepangwa akaketi chini yake, akaomba kahawa. Saa ileile akaingia dada yake Etagegn kutoka Kombolcha. Hawa wawili hawajasalimiana tangu walipogombania mikaratusi ya baba yao. Etagegn hana wa kumlaumu zaidi ya mkwewe, aliyempa simu jikoni akamwambia, "Mama, hebu soma hapa." Akaanguka palepale. Akaja na gari la kwanza, analia tangu barabarani, anajipiga kifua: "Kaka yangu! Nguzo yangu! Msomi wetu! Uliyenisomesha!"

"Endelea, Etagegn," sauti ikatoka chini ya turubai. "Hapo pa kukusomesha umeruka mengi."

Sikuwahi kuona mtu aliyefiwa akakasirika vile. "Lakew! Hujafa? Nirudishie machozi yangu!" Akataka kuondoka, lakini chakula kilikuwa kimeshaiva, na Etiye Zahara hamruhusu mtu kutoka msibani bila kula hata kama msiba wenyewe haupo. Etagegn akala. Alimpa kaka yake mgongo tangu tonge la kwanza hadi la mwisho, akaondoka.

Tulicheka sote. Halafu simu yangu ikalia, alikuwa Yeshi. Naye alikuwa ameupata ujumbe uleule, akiwa anapiga pasi. Nikamwambia, dada, tulia, Gashe mzima, anakunywa kahawa. Akasema, "Sikumlilia Gashe. Nimelia kwa sababu nimejua ya mama mtaniletea hivihivi." Tangu siku hiyo ananipigia kabla hajaanza kazi na hasalimii, anasema tu, "Mpe mama simu akohoe." Mama anakohoa, Yeshi anakata. Mama anasema amechoka kukohoa kwa simu, na siku ambayo kifua kimetulia inabidi ajikohoze ili mtoto asizimie.

Sasa, Emama, Gashe anasema tuchague Farasi kwa kuwa Punda amemuua, lakini hataki tangazo lake liondolewe kwa Punda kwa sababu lina rambirambi nyingi, anakuja dukani kila siku nimfungulie azisome, na anauliza mbona kasisi hajaandika yake. Etiye Zahara anasema akichaguliwa Farasi wanawake hawatoi sufuria. Injinia anasema yuko kwenye mkutano. Mimi nataka tu mfumo ambao hautamfanyia Yeshi kile ulichomfanyia Etagegn. Niambie, Farasi au Punda?

Ni mimi,
Katibu Mwenye Kichwa Kizito, Dessie

*

Katibu mwanangu,

Nilicheka. Uliniomba nisicheke kabla ya katikati, nikajitahidi, lakini Demissie alinishinda. Pole sana. Sasa nyamaza nikugombeze.

Nani alikufundisha kugawa funguo kama bisi zinazogawiwa na kahawa? Unasema hukuweza kuwanyima kwa kuwa ndio watakaobeba jeneza lako. Watabeba, lakini ukiendelea hivi watalibeba mapema mno. Msimamizi mkuu wa tovuti si kiti cha mbele msibani. Ni mtu mwenye uwezo wa kubomoa nyumba nzima kwa kidole, na wewe ulimkabidhi uwezo huo mama wa watu aliyetaka kuonyesha sufuria. Usimlaumu Etiye Zahara hata kidogo, yeye aliulizwa akajibu. Na usimlaumu Punda, alifanya alichoagizwa. Wewe ndiye uliyeweka kile chombo cha kutuma ujumbe kabla hujajua kinatuma nini, na wewe ndiye uliyejaribia kwa jina la mtu anayepumua. Mtu wa majaribio anaitwa Fulani, baba yake Fulani, anaishi Mahali Fulani, na hana dada Kombolcha.

Haya, umeuliza Farasi au Punda. Chukua Punda, na usiombe radhi kwa mtu. Mfumo wa tovuti ya watu wa mtaa hauchaguliwi kwa wingi wa mambo unayoweza. Unaangalia nani atauhudumia siku ambayo mjuzi hayupo, na nyinyi mjuzi wenu hayupo kila siku. Farasi anaweza kuwa mnyama mzuri kweli, lakini mnyama asiyejua kuandika jina la chama chenu kwa herufi zenu, mnampeleka wapi? Kabla ya Jumapili nenda kaulize jambo moja tu: ile anwani ya tovuti imesajiliwa kwa jina la nani? Kama ni kwa jina la Injinia Kassaye, basi hamna tovuti, mna mpwa. Mwambie aihamishie kwa jina la chama, na umwambie mbele ya mama yake, utaona simu itakavyopokelewa. Akishaihamisha mpe kazi ya kutunza nakala za akiba huko Addis, ili duka lako likiungua msianze upya. Ni kazi ya heshima na haimpi nafasi ya kuwachelewesha.

Funguo zote zirudi leo. Mbaki nazo mweka hazina na wewe, basi. Etiye Zahara awe mwandishi wa ukurasa wa jiko, aandike na apige picha mpaka sufuria zichoke, lakini kitu kisitoke mpaka wewe umekipitia. Demissie asome kama watu wengine, na tarumbeta aipige akitumwa na wazee, si akitumwa na simu. Nakujua, sasa unatetemeka kuhusu Gashe Lakew. Sikiliza, Punda anakuruhusu kubuni vyeo na kuamua kila cheo kina uwezo gani. Mbunie kimoja. Kiite Mlezi Mkuu wa Tovuti, weka jina lake juu ya ukurasa wa kwanza na ile picha yenye nywele, na chini ya cheo hicho mwachie uwezo wa kusoma na kutoa maoni tu. Akiuliza juu ya Mlezi Mkuu kuna nani, mjibu kwamba hakuna, maana kweli hakuna.

Tangazo lake liondoe kabla hujamaliza kusoma jibu hili. Zile rambirambi zichape kwenye karatasi kwa mashine yako, zifunge vizuri, umpelekee nyumbani azisome kitandani. Na umwambie maneno haya kutoka kwangu: Lakew, dada yako alikulilia tangu barabarani mbele ya mji mzima, unataka akulilie mara ngapi ndipo uende Kombolcha? Aende yeye, abebe kahawa nzuri, na asitaje mikaratusi.

Sasa tuje kwenye matangazo ya vifo, na hapa sichezi. Kile chombo cha kutuma ujumbe kiondoe kabisa, usikizime tu. Tangazo la msiba likae rasimu mpaka wazee waliokwenda kwa mfiwa warudi waseme, "Tumeshafika, ameshajua." Hata kama ni siku mbili, likae. Watu wa Jidda wakilalamika kwamba wamechelewa kusikia, waache walalamike. Sisi hatumpi mtu habari ya kifo cha mzazi wake akiwa peke yake. Tunaamka alfajiri, tunakwenda wengi, anayempenda anakaa karibu naye, na mfiwa anatuona nyuso kabla hatujafungua mdomo, kwa hiyo maneno yanapokuja mikono imeshamshika. Waliotengeneza mifumo hii, wa Farasi na wa Punda, ni watu wa mbali wanaoamini kwamba habari nzuri ni ile iliyowahi. Hawakukosea, hawatujui tu. Ni kazi yako kuuchelewesha mfumo, na hilo ndilo la kuwaambia Jumapili. Ukilisema vizuri hawatakumbuka hata kubishana kuhusu farasi na punda, kwa sababu kila mmoja pale ana mtoto mahali.

Lakini mwanangu, umeniandikia barua ndefu kiasi hiki na hujanitajia hata mtu mmoja wa Beirut. Nani atakwenda kwa Yeshi? Jirani yake nani? Jumapili anasali na nani? Nani kati ya hao anaweza kumkabili mwenye nyumba na kumwomba amwachie Yeshi siku hiyo? Hujui, kwa sababu ulitumaini tovuti ingekufanyia. Haiwezi. Watafute leo hii, wakati mama bado yupo anakohoa. Wapate wanawake wawili watatu wenye moyo, wape namba yako, waambie jina la mama, na mwafikiane kwamba siku yoyote, hata iwe siku ya kazi, ukiwapigia watakwenda pamoja.

Ukishawapata, mpigie Yeshi na usimpe mama simu. Mtajie majina ya hao wanawake. Mwambie kwamba tovuti ya chama haitamwambia kamwe, wala ujumbe, wala mtu wa foleni ya mikate, na wakimwambia asiwaamini. Mwambie: ukiamka asubuhi na hawa hawajasimama mlangoni kwako, mama yu hai, nenda kapige pasi.

Emama Tiruye